Walioichezea Kericho: Tuwakumbuke kwa Haki



Chai tunayokunywa majumbani mwetu kila asubuhi, kwa mahamri na mbaazi, ina safari ndefu nyuma yake. Huchumwa kwa mkono au kwa mashine katika vilima vya Kericho na Bomet, ikasagwa na kukaushwa viwandani, kisha ikateremshwa mpaka Mombasa, kwa kuwa mnada wa chai umekuwa hapa kwetu tangu mwaka 1969. Hivyo sisi watu wa pwani chai ya Kericho twaijua kwa rangi na kwa ladha, lakini watu wake twawajua kwa uchache. Juma hili tumeona tuwazungumze baadhi yao, nao ni vijana walioichezea klabu ya mpira ya Zoo ya Kericho, pamoja na mashabiki ambao hadi leo wanawataja kwa majina.

Huenda mama anayetusoma akauliza, mpira wa daraja la chini huko bara una nini na sisi? Tunamwomba atuvumilie, maana jambo lililomo ni la kila nyumba. Vipi tumkumbuke mtu aliyelitumikia kwa uaminifu jina ambalo baadaye liliingia doa?

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Kericho iko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mvua hiyo ndiyo iliyowavuta wenye mashamba. Tangu miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay yakiwa mbele, yalipanda chai maelfu ya ekari na kuajiri wafanyakazi kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi ili wafanye kazi pamoja na Wakipsigis wenye nchi. Watu hao waliishi katika vijiji vya mashambani, nyumba kwa safu, na palipokuwa na kijiji hapakukosa kiwanja. Siku ya mapumziko kikapu kiliwekwa chini, mpira ukaletwa, na Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mkipsigis wakavaa jezi ya rangi moja.

Jambo hilo si dogo. Wasomaji wetu watu wazima wanakumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, wakati wafanyakazi katika mashamba hayo hayo ya chai walipovamiwa kwa sababu ya kabila zao, wengine wakauawa, wengine wakakimbia na watoto wao usiku. Katika nchi iliyopitia hayo, timu iliyowakusanya vijana wa lugha mbalimbali na kuwafanya mji mzima uwaite "vijana wetu" ilifanya kazi ambayo mikutano mingi ya hotuba haikuiweza.

Zoo ndiyo iliyokuwa timu hiyo. Mwaka 2017 ilipanda Ligi Kuu ya Kenya, ligi ilipoongezwa ikafikia klabu 18. Kwa mara hiyo vigogo wa Nairobi walilazimika kupanda mlima na kwenda kucheza Kericho Green, katika ubaridi na nyasi zilizolowa. Msimu ule ule wa kwanza, kiungo wao Michael Madoya alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mshambuliaji wao Nicholas Kipkirui alikuja kuhamia Gor Mahia, na Februari 2019 alikuwa miongoni mwa waliofunga mabao Zamalek ya Misri ilipolazwa 4 kwa 2 mjini Nairobi. Mji mdogo wa chai ukaona kwamba na kwao kunaweza kutoka mtu.

Kisha likaja doa. Mwaka 2021 Kamati ya Nidhamu ya FIFA iliikuta klabu hiyo na hatia ya kuhusika katika kupanga matokeo ya mechi, ikaitoa katika Ligi Kuu na kuishusha daraja. Mashabiki waliokuwa wakienda uwanjani na miavuli waliipata habari hiyo redioni na katika simu, kama anayepata habari ya msiba.

Tuseme wazi, wala tusizungukezunguke. Kuuza mechi ni khiyana. Aliyelipa kiingilio amelipa ili aone mashindano ya kweli, na anayemuuzia matokeo yaliyokwisha kupangwa amemla mali yake kwa batili. Na nyuma ya kuuza mechi iko kamari, kwa kuwa asingekuwapo mwenye kuchezea fedha matokeo, asingekuwapo wa kuyanunua. Katika miaka ile jina lenyewe la Ligi Kuu lilibebwa na kampuni ya kamari, SportPesa. Kampuni hiyo ilipojitoa mwaka 2019, klabu nyingi zikabaki bila mdhamini, na wachezaji wakakaa miezi bila mshahara. Kijana mwenye njaa, anayedaiwa kodi ya nyumba, humsogelea mtu mwenye bahasha. Hatusemi haya ili kumhalalishia. Twasema ili wazazi wajue mlango ambao shetani huingilia.

Lakini hukumu ile iliandikwa kwa jina la klabu, na ndimi za watu zikaieneza kwa kila aliyewahi kuvaa jezi yake, wa mwaka huu na wa miaka ya nyuma, aliyekuwapo na aliyekwisha kuondoka. Hapo ndipo tunapotaka kusimama nanyi leo.

Tulipata kualikwa Kericho kwa ajili ya darsa, na baada ya sala ya Alasiri tukaketi mkahawani na wenyeji, mvua ikinyesha nje. Mazungumzo yalikuwa juu ya wachezaji wa zamani. Mzee mmoja, muuza mitumba, alikuwa akiwataja mmoja mmoja, si kwa magoli yao tu bali kwa tabia zao. Kuna aliyekuwa akimsaidia mpinzani kusimama kila anapomwangusha. Kuna mlinda lango aliyecheza dakika zote na kidole kimeteguka. Kuna aliyekuwa akija uwanjani kwa miguu kutoka shambani baada ya kupeleka chai yake mizani. Kijana aliyekuwa pembeni akamkatiza.

"Mzee, hao si ndio waliouza mechi?"

Mzee akakiweka kikombe chini. "Wewe kijana wangu, wamjua aliyeuza?"

"Simjui kwa jina."

"Basi usiwatie wote kapuni. Mchumaji chai hachumi na magugu."

Kijana akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye alikuwa akipanda mti nje ya uwanja ili awaone, na kwamba walipoambiwa yale, alichukia hata kuipita njia ya uwanjani. Tukafahamu kwamba maneno yake makali yalitoka katika mapenzi yaliyovunjika.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Ni kweli katika tenga. Lakini binadamu si samaki. Kila mmoja ana hesabu yake, na hakuna atakayeulizwa dhambi ya mwenziwe. Asiyejua ni nani aliyetenda, akawataja wote, amewadhulumu wasio na hatia, na dhuluma ya ulimi haifutwi kwa kusema "nilisikia". Mchezaji wa daraja la chini hana mali. Hana nyumba aliyojengewa na klabu, hana pensheni, na magoti yake yamechakaa kabla ya kutimiza miaka 35. Akistaafu, kilichobaki mkononi mwake ni jina tu. Akitafuta kazi ya kufundisha watoto shuleni, atataja timu aliyoichezea. Mkimharibia jina hilo bila ushahidi, mmemnyang'anya mtaji wake wa pekee.

Kwa upande mwengine, hatuwaambii mashabiki wasahau yaliyotokea. Kuna wanaoificha aibu kwa sababu ya mapenzi, wakasema mji wetu umeonewa, wakamaliza. Hao nao hawaitendei timu wema. Kumbukumbu ni ushahidi, na shahidi mwadilifu hasemi zaidi ya alichokiona wala hafichi alichokiona. Aseme kwamba klabu ilipatikana na hatia, na aseme vilevile kwamba fulani alicheza mbele ya macho yetu misimu miwili, hatukuona kwake ila juhudi. Kauli zote mbili ni kweli, na moja haiibatilishi nyengine.

Katika mkahawa ule alikuwako pia mama mwenyewe mpishi. Alisikiliza mabishano huku akikanda unga, kisha akasema neno moja lililotupendeza. Alisema yeye mpira haujui sana, lakini wachezaji aliwapikia kwa deni pindi mishahara ilipochelewa, na daftari lake bado analo. Mmoja wao alihamia timu ya mbali hali hajamaliza kulipa. Miezi ikapita, mama akakwisha kata tamaa, siku moja simu ikalia, fedha zimeingia kamili, na ujumbe: "Mama, samahani kwa kuchelewa." Mama akatuambia, "Mimi huyo akitajwa vibaya mbele yangu, natoa daftari."

Hiyo ndiyo sababu tumependelea kuyaandika haya katika jarida la familia badala ya kuyaacha kwenye kurasa za michezo. Wanaume hukumbuka mabao. Lakini wanawake wengi ndio wanaokumbuka tabia: mama aliyefua jezi yenye matope, mke aliyengoja mpaka usiku basi la timu lirudi, mama wa nyumba ya kupanga aliyesubiri kodi yake, dada aliyesoma matokeo redioni kwa niaba ya baba asiyeona. Ushahidi wao haumo katika jedwali la ligi, lakini ndio unaoweza kumwokoa mtu na masengenyo.

Nasi pwani tusidhani hayatuhusu. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Ni vijana wangapi wa mitaani mwetu leo wanaoweza kuwataja hata wachezaji watatu wa kikosi kile? Wengi wa waliovaa jezi ile wametangulia mbele ya haki, na walio hai ni wazee. Kama klabu bingwa imesahaulika hivyo mjini kwake bila ya doa lolote, itakuwaje kwa waliocheza madaraja ya chini, ambao magazeti hayakuwapiga picha?

Kwa hivyo tunanasihi mambo matatu.

La kwanza, mwenye mzee au kaka aliyecheza mpira, Kericho au Kilindini, amkalishe amwulize na aandike. Jina la timu, mwaka, nafasi aliyocheza, wenzake waliokuwa naye. Daftari la shilingi chache linatosha. Tusingoje siku ya matanga ndipo tuanze kuulizana alicheza wapi.

La pili, tuufunge ulimi. Ikitajwa timu iliyoanguka, tusimguse mtu ambaye hatuna yakini naye. Na akina mama wanaosikia watoto wakimtania kijana wa jirani kwa maneno ya "uliuza ngapi?", wayakataze kama wanavyokataza matusi, maana ni tuhuma nzito iliyovishwa nguo ya mzaha.

La tatu, tuwaangalie vijana wetu na simu zao. Kamari ya mpira leo haichezwi uchochoroni. Inachezwa kitandani, mtoto amejifunika shuka. Anayeweka shilingi 50 juu ya mechi ya timu asiyoijua ndiye, pasi na kujua, anayeikuza biashara iliyoiangusha timu ya wenzake. Atakayemwambia hivyo mwanawe, amemfahamisha zaidi kuliko atakayemwambia "haramu" akanyamaza.

Tarehe 20 Oktoba 2023, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa mjini Kericho, katika uwanja ule ule wa Green. Yalipigwa magwaride, wakahutubu wakubwa, wakatajwa mashujaa wa taifa. Nasi twaona vyema wenyeji wakaongeza mashujaa wao wadogo waliotoa jasho juu ya nyasi zile kwa nauli ya matatu na sahani ya ugali. Mpira wa nchi ya chai haujafa. Vijana wa Silibwet Leons, kutoka Bomet, nao wamecheza ligi ya daraja la pili, na viwanja vya mashambani bado vinatifuliwa kila mwisho wa juma. Vijana hao wanatazama jinsi tunavyowatendea waliowatangulia. Wakiona kwamba mkweli na mwongo hutupwa jaa moja, watauliza faida ya kuwa mkweli ni ipi, na sisi tutakosa jibu la kuwapa.

Wamtajao mtu kwa wema alioutenda wamemlipa ujira ambao klabu nyingi hazikuuweza, nao hauhitaji mdhamini.

Mola atujaalie ndimi zenye insafu. Tukutane juma lijalo, inshallah.