Umbali Ndio Shahidi wa Matumbawe

Kila matumbawe yanapotajwa, lawama humwangukia mvuvi: baruti, kokoro, nyavu za macho madogo. Baruti haina utetezi. Lakini lawama hiyo imewapa wengine nafuu, maana mvuvi anaonekana na bomba la maji taka limefukiwa. Iko njia ya kuwatenganisha watuhumiwa, nayo ni umbali. Joto la bahari, kama lile la 1998 lililopausha matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia, halichagui mwamba wa karibu wala wa mbali. Uchafu huchagua, kwa kuwa hupungua maji yanavyozidi kuuacha ufukwe. Pale viumbe wa mwambani wanapobadilika hatua kwa hatua kuelekea bombani, yupo wa kuulizwa mjini.

Mtu atasema wavuvi nao hujazana karibu na mji. Ni hoja nzito, ndiyo maana kulinganisha visiwa vya Changuu na Chumbe huko Zanzibar hakutoshi: Chumbe iko mbali zaidi na Mji Mkongwe, lakini pia mwamba wake umefungwa kwa wavuvi tangu miaka ya 1990. Basi tumtazame kiumbe asiyevuliwa. Upo mwani wa chokaa, utando mgumu wa rangi ya waridi unaogandisha vipande vya matumbawe viwe mwamba mmoja. Hauuzwi mnadani wala hauingii demani. Mwaka 1995 watafiti, akiwemo Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo kutoka Unguja: utando huo ulipungua kadiri walivyoyakaribia maji taka ya mji, na fosfeti ikawa mshukiwa mkuu. Ukitoweka, makinda ya matumbawe hukosa pa kushika, na mwani laini huchukua nafasi. Kwa hiyo hata anayelaumu joto hajaumaliza mjadala. Baada ya joto, mwamba hujijenga upya kwa shida palipo na maji machafu.

Sisi wa Tosamaganga, bara huku Iringa, mbali na bahari, yanatuhusu nini? Mto wetu, Ruaha Mdogo, unaopita Kalenga, huingia Ruaha Mkuu, ukapitia mabwawa ya Mtera na Kidatu hadi mto Rufiji, na kutokea baharini mkabala na Mafia. Pingamizi la kweli ni mabwawa: sehemu kubwa ya udongo wetu hutua Mtera, na tangu mwisho wa 2022 Bwawa la Julius Nyerere limeongeza kizuizi. Nakubali. Deni letu kwa Mafia ni dogo kuliko deni la Dar es Salaam kwa miamba ya Bongoyo na Mbudya, hivyo fedha zianzie kwenye mitambo ya kusafisha maji taka ya mijini, kabla ya semina nyingine ya wavuvi. Ila bwawa hushika mchanga vizuri kuliko linavyoshika mbolea iliyoyeyuka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru ukingo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vinyungu vingi, yaani bustani za mabondeni za kiangazi, vimo ndani ya mita hizo. Kuving'oa vyote ni kuwanyima watu mboga na ada za shule; kuacha kutumia mbolea ya dukani kwenye matuta yanayogusana na maji kunawezekana msimu huu huu.