Sumaku Yavuta, Dawa Ndiyo Yatibu



Mwajua jinsi watoto wanavyoburura sumaku mchangani, na mara ikajaa chembe za chuma. Nguvu hiyo hiyo wataalamu wanaitumia kuingiza dawa katika seli, yaani chembe hai za mwili.

Seli huwa na maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Ikitaka kutengeneza protini, seli hutoa nakala ya agizo, iitwayo RNA. Jeni ikiwa na kasoro, protini yake yaweza kudhuru. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani, Andrew Fire na Craig Mello, walionyesha katika mnyoo mdogo kwamba RNA ya nyuzi mbili, ikilingana na jeni, yaweza kuinyamazisha: nakala yaharibiwa, jeni yenyewe yabaki. Mwaka 2006 walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini dawa bila mchukuzi haifiki. RNA huvunjika upesi katika damu, tena utando wa seli huizuia mlangoni. Mwaka 2002 Christian Plank na wenzake wa Munich, Ujerumani, walieleza njia ya kuingiza jeni katika seli kwa sumaku. Baadaye njia hiyo ikatumiwa kwa RNA hizi pia.

Hufanywa hivi. Punje za chuma kilichoungana na oksijeni, jamaa ya kutu, hupakwa kitu cha kuishika RNA. Ni ndogo mno: punje 100,000 zenye upana wa nanomita 10, zikipangwa mstari, hazizidi milimita 1. Humiminwa kisahanini palipo na seli, na sumaku huwekwa chini yake. Badala ya kuelea kwa saa nyingi, punje zashuka kwa dakika chache, nazo seli huzimeza pamoja na mzigo.

Je, mgonjwa aweza kutibiwa hivyo? Bado. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kwa umbali, na ini au pafu liko ndani sana. Patisiran, dawa ya kwanza ya namna hii kuruhusiwa Marekani, mwaka 2018, hufikishwa katika ini kwa vitone vidogo vya mafuta, wala si kwa sumaku.

Basi, wazazi, akija mchuuzi na bangili ya sumaku, akidai yaponya kansa, mwulizeni: dawa yenyewe iko wapi? Sumaku ni mchukuzi tu. Kinachotibu ni mzigo. Fedha hiyo afadhali iwe nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali mapema.