Mwendo usiishinde taa

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya hailali, na wakazi wa Tosamaganga wanaipita pamoja na malori ya Tunduma, bodaboda na baiskeli zisizo na taa. Utetezi wa madereva ni kwamba kilomita 80 kwa saa ni mwendo halali. Ni halali, lakini hesabu haikubali. Kwa mwendo huo gari hula mita 22 kila sekunde; dereva akichelewa sekunde moja na nusu kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha, na hadi gari lisimame zinakaribia 70, lami ikiwa kavu. Taa za chini kwa kawaida humulika vizuri mita 40 hadi 60 tu.

Wengine watasema, basi washa fulu. Sawa, barabara ikiwa tupu. Anayekuja mbele akipofushwa, hatari imehamishiwa kwake, na ikirudi haichagui. Kwenye ukungu wa nyanda hizi fulu hukurudishia ukuta mweupe usoni. Trafiki wapime taa zilizopinda, siyo mwendo peke yake. Na wenye mabasi wapange ratiba za usiku kwa kasi ya usiku.