Mwanao anajua mnakaa wapi?

Mzazi mwenzangu wa hapa Birmingham, muulize mwanao leo: ukipiga 999, utasema tunakaa wapi? Wangu wa miaka saba alijibu, "Karibu na duka la nyama." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nami nililelewa hivyo hivyo: pita msikiti, kata kushoto, ulizia.

Ni kweli simu siku hizi hutuma zenyewe mahali ulipo unapopiga 999. Uingereza ilianza na baadhi ya simu mwaka 2014, iPhone zikafuata 2018. Mpokea simu huona nukta kwenye ramani. Lakini nukta haisemi ghorofa ya ngapi wala mlango upi, na wengi wetu tunakaa maghorofani. Postikodi moja nayo ina anwani kama 15 kwa wastani.

Basi nimeandika kwa kalamu nene: namba ya mlango, ghorofa, jengo, mtaa, postikodi. Nimebandika ukutani, kimo cha mtoto. Bibi yake, asiyejua Kiingereza, atatamka "Swahili" kwanza ili atafutiwe mkalimani. Ameshaikariri na postikodi. Mjukuu akikosea, anamrudisha mwanzo.