Msasa Si Kazi Ndogo, Wacheni Madharau

Wasee, tuongee. Wiki hii nyote mmesambaza ile video ya jamaa wa ng'ambo anayepaka rangi kagari kadogo ka resini. Anaosha kila kipande kwa sabuni kutoa mafuta ya kalibu, anakausha, anapiga msasa ndani ya maji, barakoa usoni, anapaka rangi ya kwanza, anangoja, anapaka tena. Nyinyi huko chini: "Huyu ni fundi!" Sawa, ni fundi kweli. Mbona basi kazi hiyo hiyo ikifanywa Tabaka, hapa hapa Kisii, mnaiita kusugua mawe?

Mimi ni wa Nyamira, kwetu ni majani chai. Lakini makomoke, mdogo wa mamangu, aliolewa Tabaka, na likizo nyingi nimezimalizia kando ya karai lake.

Jiwe likitoka shimoni bado lina unyevu, linakatika kwa panga na kisu. Nyumba nyingi wanaume ndio huchimba na kuchonga. Mchongaji akimaliza, kiboko ana makovu ya kisu mwili mzima, na hapo ndipo anapewa makomoke. Anamtia majini, anaanza na msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule laini kabisa. Ukiruka mmoja, mikwaruzo inajificha mpaka siku ya polishi, ndio inajitokeza yote. Niliwahi kuruka. Nilirudishiwa kiboko wangu bila neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Kama kitapakwa rangi, lazima kikauke hadi ndani, la sivyo rangi itabanduka. Kisha anachukua ncha ya kisu na kukwangua rangi hiyo mpaka weupe wa jiwe utokee: twiga, maua, mistari. Mkono ukiteleza, hakuna kufuta.

Kwa kiboko wa saizi ya ngumi makomoke alilipwa shilingi 20. Huyo huyo, ama pacha wake, nilimkuta duka moja Nairobi akiuzwa 800. Najua kuna usafiri, kuna kodi ya duka, kuna vinavyovunjika njiani. Hesabu bado inakataa.

Kuna mtu ataniambia msanii ni mchongaji. Elkana Ong'esa ni mtu wa Tabaka, na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Najivunia hiyo kama Mgusii yeyote. Ninachokataa ni hii imani kwamba sanaa inaisha patasi ikiwekwa chini. Nenda ununue kiboko ambaye hajapigwa msasa basi. Hamtaki, si ndio?

Na vumbi je? Jiwe la sabuni lina talki, na kuvuta vumbi la talki miaka mingi huharibu mapafu. Maji ya karai yanasaidia, lakini kwa kukwangua rangi hakuna maji, na mchongaji yuko hatua tatu kutoka hapo akipuliza unga upande wetu. Jamaa wa video anavaa barakoa kwa kagari ka kujifurahisha. Makomoke anajifunga leso puani, akikumbuka.

Kwa hivyo wewe unayeleta oda, leta na barakoa. Malipo ya msasa yapande bei ya duka ikipanda. Na kwenye kale kakaratasi mnakobandika chini ya kinyago, andikeni majina mawili. Nafasi ipo, nimeangalia.

Hata kwa lile duka la Nairobi niliuliza. Muuzaji alinitajia mchongaji, akanitajia kijiji, akaniambia jiwe linatoka futi ngapi chini. Nikamuuliza, na aliyepiga msasa ni nani? Akacheka, akidhani namtania, kisha akanipunguzia 50.