Mnyonge Apandapo Mbinguni: Ubora na Udhaifu wa Fanren Xiuxian Zhuan

Wapo wahakiki wanaoamini kwamba riwaya inayotolewa sura kwa sura kwenye intaneti haistahili kuitwa fasihi. Imani hii haina mashiko, kwani kazi ya fasihi hupimwa kwa maudhui na fani yake, wala si kwa mahali ilipochapishwa. Katika makala haya ninaipima riwaya moja ya Kichina, Fanren Xiuxian Zhuan, yaani Sira ya Mtu wa Kawaida Atafutaye Umilele. Mtunzi wake, atumiaye lakabu ya Wang Yu, alianza kuitoa katika tovuti ya Qidian mwaka 2008 na kuikamilisha mwaka 2013, ikiwa imezidi sura 2,400.

Riwaya hii ni ya mkondo wa kujifua nafsi. Chimbuko la mkondo huo ni imani ya Kitao kwamba binadamu anaweza kuyashinda mauti kwa mazoezi ya pumzi na kwa dawa zilizopikwa tanurini. Mhusika mkuu, Han Li, ni mtoto wa familia maskini ya kijijini. Kipawa chake cha kuzaliwa, kiitwacho mzizi wa roho, ni hafifu mno. Tegemeo lake ni kichupa cha kijani alichokiokota, ambacho umajimaji wake huikomaza kwa muda mfupi mimea ya dawa ihitajiyo miaka na mikaka.

Ubora wa kwanza umo katika usawiri wa mhusika huyu. Han Li si jabari wa kuzaliwa kama Fumo Liyongo wa tendi zetu. Ni msiri, mwenye hadhari, na akizidiwa hutimua mbio bila kuona haya. Anajua kwamba siri ya kichupa ikifichuka, atauawa. Msomaji mnyonge hujiona ndani yake.

Ubora wa pili ni taharuki. Mwanzoni mwa riwaya, Mganga Mo anamfunza Han Li kwa bidii isiyo ya kawaida. Kumbe mwalimu huyo anakusudia kuutwaa mwili wa mwanafunzi wake! Mtunzi anatuonyesha jinsi elimu inavyoweza kugeuzwa mtego na mwenye mamlaka.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo udhaifu mkubwa unapojitokeza. Mganga Mo anapokufa, Han Li anagundua kwamba mwili wa Zhang Tie, rafikiye waliyefunzwa pamoja, uligeuzwa mtumwa asiye na roho. Anahuzunika, kisha anauchukua mwili huo umtumikie! Hii ingeweza kuwa dhamira kuu ya riwaya: aliyeponea kugeuzwa chombo naye anamfanya rafikiye chombo. Badala ya kulichimba suala hilo, mtunzi analipita upesi na kukimbilia vita vingine. Tangu hapo uhai wa wengine unazidi kuwa rahisi, na mali ya aliyeuawa inakuwa halali ya muuaji.

Udhaifu wa pili ni takriri. Han Li anafika mahali papya, anadharauliwa, anashinda, anapanda ngazi, kisha mambo yanaanza upya. Sababu mojawapo ni ya kiuchumi. Mwaka 2003, Qidian ilianzisha utaratibu wa kuwatoza wasomaji kulingana na urefu wa sura za kulipiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na anapolipwa kwa kipimo cha kibuyu, maji huzidi. Aidha, wahusika wa kike hawakuzwi ipasavyo. Hata Nangong Wan, mpenzi wa Han Li, hutoweka kwa sura nyingi mno, nasi twajua urembo wake kuliko fikra zake.

Kwa maoni yangu, riwaya hii inastahili kusomwa na kuhakikiwa. Inatufundisha namna mnyonge anavyojinusuru. Lakini inapomfikisha mbinguni, haimuulizi amebakiwa na utu kiasi gani. Swali hilo, wanafunzi wenzangu, ni juu yetu wahakiki kuliuliza.