Kabla ulipie mfereji, uliza spea kwanza

Wewe unayekaa bedsita pale Maweni, Malindi, ama Mnarani kule Kilifi, hebu leo usiku zima muziki usikilize sinki. Ukisikia tii, tii, tii, hayo ni maji uliyolipia yakienda mtaroni.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Tone moja kila sekunde, kutwa kucha, linafika kama lita 20. Huo ni mtungi mzima kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki wajaza wewe na hunywi. Na maji yenyewe yanasukumwa kwa stima kutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Yakikatika, unajua vile mtungi wa mkokoteni hupanda bei.

Sasa skiza. Kila mfereji utaharibika siku moja, hilo halina mjadala. Kinachotumaliza ni kununua mfereji ambao ukiharibika hauna spea.

Ule wa kizamani wa kuzungusha una wosha ya mpira ndani. Ikiisha, mfereji unavuja. Unafunga maji kwenye mita au tangi, unafungua kichwa kwa spana, unaweka wosha mpya ya saizi ile ile, kazi imeisha. Wosha ni pesa ya chapati.

Hii mipya ya kuinua mkono mmoja, inayong'aa kwa picha, ndani ina katriji. Katriji zina saizi nyingi, na mara nyingi ya mfereji huu haiingii kwa ule. Dukani mzigo ukiisha, fundi atakwambia tu, "Toa wote, nunua mwingine." Ndiyo maana mfereji wa bei ya chini waweza kukugharimu mara tatu.

Pwani yetu nayo ina mambo yake. Upepo wa bahari una chumvi, na maji ya visima vya mwamba wa matumbawe huacha ukoko mweupe. Mfereji wa plastiki au wa mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi ya fedha huanza kubabuka mapema. Uliotengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki huvumilia zaidi. Ushike mkononi: ule wa shaba ni mzito. Na kile kichujio cha mdomoni kikiziba, usikimbilie kununua mwingine. Kifungue, kiloweke kwa siki, kisugue na mswaki wa zamani.

Ukiwa hadiwea, maswali ni matatu. Umetengenezwa kwa nini? Spea yake ya ndani ipo hapa, nione? Alama ya ubora ya KEBS iko wapi? Kama ina nambari ya kibali, andika SM#, ufuatishe nambari hiyo, utume kwa 20023 uone kama ni halali. Muuzaji akinuna, usijali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo yake.

Najua utaniambia, "Bro, nyumba si yangu, landilodi ndiye aliyeweka hiyo takataka." Sawa kabisa. Basi siku ya kuingia, piga picha kila mfereji, hata ule wa choo, umtumie WhatsApp kabla hujalipa dipoziti. Siku ya kuhama asije akakukata pesa kwa kitu ulichokikuta kinavuja. Na wewe landilodi unayesoma hii, ukiweka mifereji ya aina moja nyumba zote kumi, utahitaji spea ya aina moja tu. Hiyo ni faida yako.

Wenye maduka nanyi, ukileta mfereji wa katriji, leta na katriji zake. Kuuza mwili bila moyo ni kumpangia mteja hasara akiwa bado anahesabu noti.

Wikendi hii, chukua spana ya jirani, fungua huo unaovuja, beba wosha ya zamani mfukoni kama sampuli uende nayo dukani. Wasipokuwa na saizi yake, hapo umejua duka la kutonunua mfereji.